Madhara Yasiyoonekana: Dawa za Magugu, Mito Yetu na Nasaba ya Samaki

 

 Nimeitwa niseme juu ya jambo ambalo, kwa kuwa halina kishindo wala harufu, aghalabu hupitwa kando katika mikutano yetu. Tukutanapo kuzungumza habari za samaki wa pwani hii ya Kilwa na Lindi, desturi yetu ni kutaja baruti, nyavu za matundu madogo na bei ya mnadani. Na hatukosei, maana hayo ni mambo yanayoonekana kwa macho na kuumiza mifuko. Jambo nililokuja nalo leo halionekani kwa macho. Walakin lina hatari ya namna yake, nayo ni kwamba siku litakapoonekana, huenda wakati wa kulirekebisha ukawa umekwisha kupita.

Kusudio langu ni moja, nami nalitaja mapema ili msikilizaji asipate taabu ya kulitafuta. Nataka kuwathibitishia kwamba dawa ya kuulia magugu, ikifika mtoni, yaweza kumdhuru samaki katika vinasaba vyake, yaani katika ile hati ya maumbile aliyoirithi kwa wazazi wake na atakayowarithisha watoto wake, bila ya kumuua na bila ya kumtia alama ambayo mvuvi ataiona anapomtoa wavuni; na kwa hiyo mto ambao juu yake hawaelei samaki wafu si lazima uwe mto salama. Hoja zangu ni tano, nazo nitazieleza moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza: Dawa hufika mtoni, na kutoka mtoni hufika baharini

Mito ya sehemu zetu si mirefu kama Ruvuma wala haina maji mengi kama Rufiji, lakini imeshika nchi kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Matandu hukusanya maji ya Liwale na ya bara ya Kilwa, hupita Njinjo, na huyamwaga baharini karibu na Kilwa Kivinje. Mavuji huingia baharini upande wa Kilwa Masoko. Mbwemkuru huteremka kati ya Kilwa na Lindi. Na Lukuledi hutoka upande wa Masasi, hupita Nyangao na Mtama, na huingia katika hori ya Lindi. Kaskazini yetu iko delta ya Rufiji, ambayo hupokea maji ya Kilombero, ya Ruaha Mkuu na ya Luwegu, kwa hiyo kila kimwagwacho katika mashamba ya miwa na mpunga ya Kilombero kina njia iliyo wazi ya kufika katika mikoko ambamo kamba na mkizi hukulia. Wataalamu waliopima maji na matope ya delta hiyo wamekuta ndani yake masalia ya viuatilifu, DDT ikiwa miongoni mwao. Najua kwamba DDT ni dawa ya wadudu. Naitaja kwa sababu inathibitisha njia, na njia ipitayo dawa ya wadudu haimkatazi jirani yake, dawa ya magugu, kupita.

Sasa tazameni mwendo wa dawa yenyewe. Mkulima hununua chupa ya lita moja dukani, hushuka bondeni ambako maji yako karibu, hujaza bomba lake la mgongoni la lita 16 kwa maji ya mto, hupulizia, hurudi kuliosha bomba pale pale alipochota maji, na chupa tupu huiacha ukingoni au huichukua nyumbani kwenda kutilia mafuta ya taa. Simlaumu mtu huyu, maana amefanya kama alivyomwona jirani yake akifanya, na mara nyingi hakutokea mtu wa kumfundisha vingine. Hata yule asiyeosha bomba mtoni hajasalimika, kwa kuwa mvua ya kwanza ikianguka juu ya shamba lililopuliziwa jana huchukua sehemu ya dawa na kuiteremsha. Glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup na ambayo leo huuzwa kwa majina mengi, hushikamana na udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo husafiri na tope. Atrazini, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupendwa sana katika mashamba ya mahindi na miwa, haishiki udongo kwa nguvu hiyo, kwa hiyo husafiri na maji yenyewe, hata huzama chini na kufikia maji ya visima. Walioyaona mafuriko ya Januari 2020 hapa Kilwa hawahitaji kuelezwa ni nchi kiasi gani inayoweza kuhamishiwa baharini kwa siku chache.

Kisha kuna kiangazi. Mito yetu kadhaa hukatika mvua zikiisha, maji yakabaki katika vidimbwi, na kambale na perege wakasongamana humo wakingoja masika. Kidogo kilichoingia katika maji mengi si sawa na kidogo kile kile kilichofungiwa kidimbwini pamoja na samaki ambao hawana pa kukimbilia.

Nawaombeni jambo dogo. Mtakaporudi makwenu, chukueni chupa ya dawa ya magugu mkaitazame sehemu ya chini ya lebo yake. Mtaona mstari wa rangi, nyekundu au manjano, buluu au kijani, na mstari huo hueleza ukali wa dawa kwa mtu anayeishika. Juu ya mstari, katika chupa nyingi, mna vijipicha: glavu, buti, mikono inayonawa, na mkitafuta vema mtakuta kijipicha cha samaki, ambacho maana yake ni kwamba dawa hii ina madhara kwa viumbe wa majini, isitiwe mtoni, ziwani wala bwawani. Mtengenezaji mwenyewe amekwisha kukiri. Ila mstari wa kijani huonekana kutoka mbali, na samaki yule ni mdogo kama ukucha wa mtoto. Na wanunuzi wengi husoma mstari, samaki wakamwacha.

Hoja ya pili: Dawa isiyomuua samaki yaweza kukata vinasaba vyake

Watu wa Kilwa wanaijua tarehe ya mji wao. Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, na mtu akizilinganisha ataona kwamba majina na miaka ya masultani haviafikiani kila mahali, kwa sababu kila mnakili aliyeruka mstari au kukosea herufi aliwaachia kosa lake wote waliokuja baada yake. Vinasaba ni hati ya namna hiyo. Vimo ndani ya kiini cha seli, vimepangwa katika kromosomu, ambazo kwa perege wa jamii ya sato ni 44, na kila seli inapogawanyika hati nzima hunakiliwa upya. Kikitokea kitu cha kuichana hati, seli hujaribu kuiunga. Ikifaulu, mambo hurudi kama yalivyokuwa. Isipofaulu, hufa, au huendelea kuishi na hati yenye kosa.

Bwana mmoja hapo mbele alikwisha kuniuliza kabla hatujaingia ukumbini: dawa iliyofanywa kwa ajili ya majani imempataje samaki? Swali lake ni la haki. Glifosati huua magugu kwa kuzuia kimeng'enya ambacho mimea inacho na wanyama hawana, na kwa muda mrefu watu walitosheka na maelezo hayo. Lakini katika chupa mna vitu vingine pamoja na glifosati. Mna kitu cha namna ya sabuni, kinachotiwa ili dawa ishike jani na kupenya, na baadhi ya sabuni hizo zimeonekana kuwa kali zaidi kwa samaki kuliko glifosati yenyewe. Fauka ya hayo, kemikali hizi zikiingia mwilini mwa samaki kwa njia ya matamvua huvuruga kazi ya oksijeni ndani ya seli, zikazalisha aina za oksijeni zenye ukali, na oksijeni hizo zikigusa nyuzi za vinasaba huzikata. Dawa iitwayo parakwati huua magugu kwa njia hiyo hiyo hasa, yaani kwa kuzalisha oksijeni kali, na oksijeni kali haichagui baina ya jani la gugu na tamvua la samaki. Umoja wa Ulaya uliondoa idhini ya parakwati mwaka 2007, kama ulivyokwisha kuikataa atrazini mwaka 2004.

Ushahidi wa haya umepatikana kwa vipimo viwili, na napenda kuvieleza kwa utulivu kwa kuwa kimojawapo kiko karibu nasi kuliko tunavyofikiri.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Chembe nyekundu za damu ya binadamu zikikomaa hazina kiini, lakini za samaki zinacho, na hiyo ni bahati kwa mchunguzi. Tone la damu ya perege hutandazwa juu ya kipande cha kioo, huachwa likauke, hupitishwa katika methanoli ili seli zisiharibike, kisha hutiwa rangi ya Giemsa, ambayo ndiyo ile ile inayotumika katika zahanati na hospitali zetu kutafutia vimelea vya malaria. Chini ya hadubini seli huonekana zenye umbo la yai, na katikati ya kila moja mna kiini kimoja cha rangi ya zambarau chenye ukingo safi. Seli iliyodhurika ina kiini chake kama wenzake, lakini pembeni yake ina nukta ya pili, ndogo, ya mviringo, ya rangi ile ile: hicho ni kipande cha kromosomu, au kromosomu nzima, kilichoachwa nyuma seli ilipogawanyika. Mchunguzi huhesabu seli elfu na zaidi kwa kila samaki, kisha hulinganisha hesabu hiyo na ya samaki wa jinsi hiyo hiyo waliotoka katika maji safi. Sharti alinganishe, kwa sababu madini mazito na mafuta ya mitambo pia huweza kuzalisha nukta hizo, na mwenye insafu hamhukumu mshitakiwa mmoja kwa kosa ambalo wangeweza kulitenda watatu.

Kipimo cha pili huitwa cha nyotamkia. Seli hufunikwa kwa utando mwembamba wa jeli na kupitishiwa umeme; vinasaba vizima hukaa mahali pake, na vilivyokatika huvutwa nje vikafanya mkia. Kadiri mkia unavyorefuka ndivyo madhara yalivyozidi.

Kwa vipimo hivi, wataalamu wa Uturuki walieleza mwaka 2007 kwamba samaki wa dhahabu waliowekwa katika maji yenye Roundup walizidi kuwa na nukta za pembeni na nyuzi zilizokatika kadiri kipimo cha dawa kilivyoongezwa. Mwaka 2008 wataalamu wa Brazili wakaonyesha madhara hayo katika damu na matamvua ya samaki wa mito yao. Mwaka 2010 wale wa Ureno wakamchunguza mkunga wa mtoni, nao hawakutumia dawa nyingi: mikrogramu 58 tu katika lita moja ya maji, na maradufu yake, kwa muda usiozidi siku tatu. Mtu akitia kiasi hicho cha kwanza katika tangi la maji la lita 1,000, atakuwa ametia chini ya moja ya kumi ya gramu. Na kwa kiasi hicho, ambacho hakikumuua mkunga, vinasaba vya damu yake vilionekana vimedhurika.

Nayasema haya kwa mizani. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka glifosati katika daraja la vitu ambavyo yamkini huleta saratani kwa binadamu, na mwaka huo huo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei kuwa hivyo. Mjadala huo ni wa binadamu, na wenye ilimu yake wanaendelea nao. Mimi nasema juu ya samaki, ambaye hulala na kuamka ndani ya maji hayo na kuyapitisha katika matamvua yake kila dakika ya uhai wake.

Hoja ya tatu: Madhara mengine hukoma kwa samaki mmoja, na mengine hurithiwa

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo, na napenda tutenganishe. Kosa lililoingia katika vinasaba vya damu au vya tamvua hubaki kwa samaki huyo. Laweza kumdhoofisha, kumfupishia maisha, au kumfanya ashindwe na maradhi ambayo mwenzake angeyashinda, lakini akifa linakufa naye. Kosa lililoingia katika seli zitakazokuwa mayai au mbegu za uzazi lina habari nyingine, kwa sababu laweza kupita kwa watoto na kwa watoto wa watoto.

Tena si lazima uzi ukatike ndipo madhara yarithiwe. Juu ya vinasaba mna alama za kikemia zinazoamua ni sehemu gani ya hati isomwe na ipi inyamazishwe, na baadhi ya kemikali huzivuruga alama hizo. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitoa taarifa ya utafiti wao juu ya medaka, samaki mdogo wa mashamba ya mpunga ya Japani, ambaye waliyatia mayai yake katika maji yenye atrazini kidogo mwanzoni mwa uhai, kisha wakavifuata vizazi vyake vilivyolelewa katika maji safi. Na wajukuu, ambao wao wenyewe hawakuguswa na dawa, walionekana na upungufu katika uzazi. Tafakarini maana yake kwa mvuvi: mto waweza kusafishwa leo, na deni la jana likadaiwa kwa samaki watakaozaliwa baadaye.

Lakini sikuja kuwakatisha tamaa, na insafu inanidai niseme upande wa pili. Wale wataalamu wa Ureno waliwahamishia mikunga wao katika maji safi, wakaona kwamba sehemu ya madhara ilipungua baada ya siku chache, kwa kuwa mwili ulipata nafasi ya kuunga kilichokatika. Kwa hiyo samaki ana uwezo wa kujitibu, maadamu sisi tunaacha kumtia jeraha jipya kabla la zamani halijafunga. Dawa ya mto ni kuziba chanzo, na kila mwaka unaopita chanzo kikiwa wazi ni mwaka wa kumnyima samaki nafasi hiyo.

Hoja ya nne: Sisi wa Kilwa na Lindi tuna nasaba ambazo haziko kwingine

Yamkini mtu akasema: samaki ni wengi, wakidhurika wa mto huu tutawaleta wa mto mwingine. Kumjibu mtu huyo naomba mnifuate mpaka Rutamba.

Magharibi ya mji wa Lindi kuna maziwa madogo, Rutamba, Nambawala na Mitupa, ambayo wavuvi wake wamevua perege tangu zama za babu zao. Baina ya mwaka 2013 na 2016 watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Uingereza waligundua kwamba perege wa asili wa maziwa haya ni wa jamii ya perege wa Korogwe, ambaye hapo kabla alijulikana huko kaskazini tu, upande wa Tanga. Walipovisoma vinasaba vyao, na kuchapisha matokeo mwaka 2021, ilibainika kwamba perege wa Lindi na wale wa kaskazini walitengana yapata miaka 140,000 iliyopita. Hawakuletwa na mtu yeyote. Wamekaa hapa tangu kabla hapajakuwa na Kilwa, wala Lindi, wala jahazi la kwanza la biashara kutia nanga katika pwani hii. Bahari yetu nayo ina heshima ya namna hiyo, maana silikanti wa kwanza kuandikwa katika maji ya Tanzania, samaki wa ukoo ambao mabaki yake hupatikana katika mawe ya mamilioni ya miaka, alivuliwa karibu na Songo Mnara mwaka 2003.

Sasa sikilizeni habari ya huzuni iliyokuja pamoja na ile ya furaha. Watafiti wale wale walikuta kwamba katika maziwa hayo sato, yule perege mkubwa wa mto Nile aliyesambazwa nchini kwa nia njema ya kuongeza kitoweo, amekwisha kuzaana na perege wa asili, na nasaba mbili zimeanza kuchanganyika. Jambo hili halikuletwa na dawa ya magugu, nami siisingizii. Nalitaja kwa sababu linaonyesha udhaifu wa nasaba iliyofungiwa katika maji madogo. Samaki wa ziwa dogo wakipungua, hupungua pia tofauti baina yao, na ni katika tofauti hizo ndipo watokeapo wale wanaostahimili joto, ukame au maradhi ambayo wenzao hawayastahimili. Nasaba iliyokwisha kubanwa na mgeni upande mmoja, mkiiongezea upande wa pili maji yanayokata vinasaba na kudhoofisha uzazi, itabakiwa na nguvu gani ya kusimama? Na ikitoweka, hakuna mto mwingine duniani wa kwenda kuazima mbegu yake.

Hoja ya tano: Mkulima ana haki, na sheria ina kazi

Nisingependa mkulima hata mmoja atoke hapa akidhani nimekuja kumshitaki. Palizi ya jembe la mkono ni kazi ngumu, aghalabu imewaangukia akina mama na watoto, na mwenye ekari tatu za ufuta ambaye vijana wake wamekwenda Dar es Salaam hana wa kumsaidia msimu wa magugu ukifika. Dawa imempunguzia taabu ya kweli, na anayemwambia aiache sharti amwambie ashike nini badala yake.

Ninachoomba ni adabu ya matumizi, na adabu hiyo haina gharama kubwa. Dawa ichanganywe mbali na maji. Maji yabebwe kwenda shambani, bomba lisibebwe kwenda mtoni. Chupa ikiisha isuuzwe mara tatu, na kila mara maji ya kusuuzia yamiminwe katika bomba yapulizwe shambani, kisha chupa itobolewe isije ikatumika tena nyumbani. Wingu la mvua likionekana, kupulizia kungoje. Ukingoni mwa mto yaachwe matete na majani ya asili, kwa kuwa hayo hulizuia tope, na tope likizuiwa glifosati nayo imezuiwa. Katika mpunga, maji yakisimamishwa vizuri shambani magugu mengi hayaoti. Na katika mahindi, matandazo ya majani na kunde zilizopandwa kati ya mistari huyanyima magugu mwanga. Anayefanya hayo atanunua chupa chache zaidi, na fedha itabaki kwake.

Ama sheria, tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya mahali, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa na ufuo wa bahari. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeunda mamlaka ya kusimamia viuatilifu nchini, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini imekabidhiwa mito yetu hii. Kilichobaki ni mita 60 hizo kuonekana kwa macho kijijini, zikiwa zimepimwa na kuwekewa alama, na viongozi kuwa na ushupavu wa kuwakumbusha hata jamaa zao. Maana mchelea mwana kulia hulia yeye.

Na kama kuna anayedhani kwamba haya ni mambo ya mazingira tu, wala si ya riziki, akumbuke mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya taarifa kwamba kuna watu wanavua kwa sumu za mashambani. Waliotia sumu walikuwa wachache, na waliokosa soko walikuwa wavuvi wa nchi tatu. Pweza na kamba wa pwani yetu nao huuzwa nje, na mnunuzi wa mbali hatenganishi baina ya aliyetia sumu kwa kusudi na aliyeosha bomba mtoni kwa kutojua.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimesema ya kutosha juu ya yaliyopo. Naomba nimalizie kwa yanayotakiwa kuja.

Kwa walimu wa sayansi wa shule zetu za sekondari, na kwa wataalamu wa maabara za hospitali zetu, naleta ombi ambalo liko ndani ya uwezo wao. Hadubini mnayo, rangi ya Giemsa mnayo, na perege na kambale wako mtoni. Wafundisheni wanafunzi kutandaza damu ya samaki kama itandazwavyo damu ya mgonjwa wa malaria. Wachukue samaki wa juu ya mashamba na wa chini ya mashamba, kabla ya msimu wa kupulizia na baada yake. Wahesabu, waandike, na wenzao wa mwaka utakaofuata waendelee. Kumbukumbu ya namna hiyo, ikishikwa kwa uaminifu katika Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi chini ya uangalizi wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi na vyuo vyetu vikuu, itatupa ushahidi wa mito yetu wenyewe, nao ndio utakaosikilizwa katika baraza la kijiji na katika mahakama pia.

Kwa kamati za wavuvi na serikali za vijiji, naomba mita 60 ziwekewe alama kabla ya masika ijayo, na katika kila kijiji cha bondeni pachimbwe mahali pamoja pa kuchanganyia dawa na kuoshea mabomba, mbali na maji. Kwa wenye maduka, naomba kila auzaye chupa amwonyeshe mnunuzi kile kijipicha cha samaki na kumweleza maana yake, kwa maneno mawili tu. Na kwa maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, naomba halmashauri na watafiti wakae pamoja na wavuvi wa huko kuamua namna ya kumhifadhi perege wa asili angali yupo, ikiwa ni pamoja na kutomwaga tena samaki wageni katika maji ambayo hawajafika.

Tumepokea mito hii ikiwa na samaki wenye nasaba nzima, na hatukuilipia. Dhamana tuliyonayo ni kuikabidhi ikiwa nzima vile vile, na kazi hiyo inaanzia kwa kila mmoja wetu atakayeshika bomba msimu huu. Mwenye bomba, asilioshee mtoni.